Mbuzi wa Lisansi

Prof hakula nyama ya mbuzi. Mjini Butembo, mtu akikataa mbuzi kwenye arusi, wenyeji humtazama mara mbili, maana kwetu mbuzi si kitoweo tu. Mbuzi ndiye anayetangulia kwa wakwe, ndiye anayemfanya mwanamke awe mke na mtoto awe wa baba yake. Yeye sahani ikimfikia aliomba sombe, yaani majani ya muhogo, akasingizia tumbo. Tumbo lake lilikuwa zima kabisa. Alikuwa na deni, na deni lenyewe lilikuwa la mbuzi.

Jina lake silitaji. Kwa wanafunzi, kwa wazazi, kwa akina mama wauza ndizi karibu na kwetu Kimemi, alikuwa Prof, basi. Alinifundisha kemia miaka miwili ya mwisho ya sekondari, wakati wa vita, mji ukibadilisha wenyewe wake kama mtu anavyobadilisha shati: leo waasi hawa, kesho wale, na katikati askari wa nchi jirani waliosema wamekuja kutusaidia. Nilimpenda kama mzazi. Pia alinikera sana, na nitasema kwa nini.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye koti la kahawia lenye viraka vya viwiko alivyoshona mwenyewe, kwa sababu hakuwa na mke. Ukimuuliza kwa nini haoi, alikujibu, "Nioe na mbuzi gani?" na mazungumzo yakaisha. Alitembea haraka, kichwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayesikia akiitwa. Vipande vya chaki vilivyobaki alivikusanya kwenye kopo la maziwa, akavisaga, akavilowesha, akavifinyanga upya. Chaki zake zilikuwa nene na zilikwaruza ubao vibaya, lakini shule nzima ilipoishiwa chaki, sisi tuliendelea kuandika.

Alikuwa na msemo wake: "Kila kitu iko na kilo, ata moshi." Aliusema akichoma karatasi mbele yetu ili tuelewe kwamba hakuna kinachopotea, kinageuka tu. Aliusema pia kuhusu uvumi, kuhusu mahubiri, kuhusu mwanamke anayepita na mzigo. Siku kamanda mmoja alipoahidi amani redioni, Prof alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hii njo kitu ya kwanza naona haina kilo."

Maabara yetu ilikuwa chumba chenye makabati mawili na chupa chache zilizosalia. Asidi tulijifunza kwa malimau, besi kwa majivu ya maganda ya ndizi. Sabuni tuliijua kabla hatujaijua atomi, kwa kuwa Jumamosi Prof alipika sabuni uani kwake kwa mafuta ya mawese na soda kali, na sisi tulikwenda kumsaidia kukoroga. Hiyo sabuni ndiyo iliyomlisha. Mshahara wa serikali ulikuwa kama jamaa aliyehamia mbali, tulisikia habari zake tu. Walimu waliishi kwa kile wazazi walichochanga, kinachoitwa prime, na barabara zikifungwa kwa mapigano wazazi walileta hata maharagwe. Nilimwona mtu mwenye shahada ya chuo kikuu akitoka ofisini mwa mkuu wa shule na mshahara wa mwezi kichwani, ndani ya mfuko wa kilo kumi.

Sasa habari ya lisansi, maana hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia. Vyuo vikuu vya kwetu Kongo, ukimaliza miaka mitano unapewa licence, nasi tunasema lisansi. Lakini Butembo na vilima vyake ni nchi ya wafanyabiashara. Kabla mtoto hajajua kusoma, amekwisha kusikia kwamba fulani ana lisansi, yaani kibali cha kuingiza mali kutoka nje, vitenge, pikipiki, mabati, na kwamba mwenye lisansi ana nyumba ya ghorofa. Baba yake Prof alikuwa mkulima wa Masereka. Prof alipomwambia anataka kwenda Kisangani kutafuta lisansi ya kemia, mzee aliuliza jambo moja tu: hiyo kemia inatakiwa na watu? Prof akajibu kwa moyo safi kwamba dunia nzima inaitumia, kuanzia dawa mpaka sabuni mpaka rangi ya nyumba. Mzee akaona maduka.

Akaanza kuuza mbuzi. Zizi lile lilikuwa la wavulana wawili, nusu ya kumwoza mkubwa, nusu ya kumwoza mdogo. Nusu ya Prof iliisha kabla masomo hayajafika katikati. Ikabidi kuingia nusu ya mdogo wake, naye mdogo alikubali, kwa patano kwamba kaka akipata kazi atarudisha mbuzi wale pamoja na watoto ambao wangekuwa wamezaa, kwa sababu mbuzi jike hakai bure. Hakuna aliyeandika chochote. Mbuzi wa mahari haandikwi, anakumbukwa.

Prof mwenyewe alitusimulia jinsi alivyorudi. Ilikuwa siku ya mvua kubwa, bati likipiga kelele hata somo likashindikana, akaketi juu ya meza na kusema kwa sauti ya juu. Mzee alikuwa amejenga chumba mbele ya nyumba, chenye rafu na dirisha la kuuzia. Akalipokea sanduku la mwanawe, akalifungua mbele ya majirani. Vitabu. Akavitoa kimoja kimoja, akitafuta mali chini yake. Alipogusa ubao wa sanduku aliuliza polepole kama kuna lori linalofuata, "Bitu bingine binakuya na camion?" Prof alicheka alipofika hapo, tukacheka naye, kisha yeye akaendelea kucheka peke yake mpaka sisi tukanyamaza. Mzee alivipanga vitabu kwenye rafu za duka. Alikufa vikiwa bado pale.

Mdogo wake Prof nilimwona kwa macho yangu. Alikuja shuleni siku moja, mtu mwenye mikono mipana na adabu nyingi, akavua kofia akasimama mlangoni mwa darasa, akamwita Yaya, kama kwetu tunavyomwita kaka mkubwa.

"Yaya, excuse. Niko na maneno."

"Ngoja nimalize équation," Prof akasema bila kugeuka kutoka kwenye mlinganyo wake ubaoni.

"Nimengoja miaka, Yaya. Équation ngapi?"

Darasa zima likainama kwenye madaftari. Wakatoka nje, lakini madirisha yetu hayakuwa na vioo, kwa hiyo tulisikia yote.

"Baba ya ule binti ananiuliza mbuzi iko wapi. Namujibu iko ku université. Anacheka. Yaya, ile lisansi inakuruhusu kuuza nini?"

"Hairuhusu kuuza. Inaruhusu kufundisha."

"Na ya kufundisha banakulipa?"

"Bazazi banatoa kidogo."

"Basi utarudisha lini? Binti hatangoja. Kuko wengine banamutafuta, bako na mbuzi, habana diplôme."

"Nipe mupaka Pasaka."

"Pasaka gani, Yaya?"

Prof alirudi darasani akamaliza équation, akatukumbusha kwamba vilivyo kushoto lazima vilingane na vilivyo kulia, vinginevyo umekosea mahali. Mimi nilimwonea huruma kiasi kwamba sikunakili kitu.

Mtu asidhani alikuwa anakwepa. Kila senti ya sabuni ilikwenda kwenye mbuzi. Alinunua mmoja mmoja, akamweka kwa binamu yake Masereka. Kila walipofika watatu au wanne, jeshi fulani lilipita. Safari moja waasi, safari nyingine wale waliokuwa wakiwafukuza waasi. Binamu alituma salamu, "Bamekula tena," na Prof akaanza upya na mbuzi mmoja, jike, mweusi au mweupe, vyovyote, bila kulalamika mbele yetu.

Hapa ndipo aliponikera. Darasani alituambia kemia ni mama wa kazi zote, kwamba bila kemia hakuna hospitali wala barabara wala mkate. Aliongea macho yakimng'aa, nami niliamini kila neno. Nilikuwa wa kwanza katika somo lake. Baba yangu alikuwa amekwisha kufa, mama alikuwa na shamba Musienene la maharagwe na viazi, na nilipofaulu mtihani wa Serikali nilimwambia mama nataka kwenda Kisangani kusoma kemia kama Prof. Mama hakusema hapana. Alijifunga kitenge kizuri, tukamfuata Prof baada ya misa.

"Prof," mama akasema, "nataka uniambie kweli. Nikiuza shamba ya Musienene, huyu mutoto atapata nini?"

Prof alituketisha. Akauliza bei ya shamba, akauliza mama anavuna magunia mangapi, nani mwingine anakula kwa shamba hilo. Nikataja wadogo zangu. Akahesabu chumba cha kupanga, chakula, ada, miaka mitano ikiwa hakuna mwaka uliofungwa kwa vita. Upande wa pili akahesabu mshahara. Alipofika hapo akaacha kuhesabu, akasugua chaki kwenye vidole.

"Mama, unisamehe. Mi niko ndani ya mizani. Mutu iko ndani ya mizani hawezi soma kilo."

Mama aliondoka ameudhika. Njiani alisema, "Prof muzima anashindwa na hesabu ya shamba!" Shamba halikuuzwa. Mimi nilianza kupeleka maharagwe Beni kwa lori, na kwa muda mrefu nilikuwa na hasira naye. Nilitaka aseme ndiyo. Hata hapana ningeipokea. Mtu anayeisifu kemia ubaoni halafu anaifichia uso mbele ya mama yangu, nilimwita mwoga, na nilimwambia.

"Njo vile," akajibu. Yaani ndivyo. Hakukasirika.

Lakini mwoga hakuwa. Askari walipovunja maabara yetu, hawakutafuta chochote isipokuwa ile spiriti ya kuwashia taa. Prof alisikia, akakimbia kutoka kwake bila viatu. Aliwakuta wanaipitisha kwa zamu. "Hapana kunywa!" akapiga kelele. "Hii haiko pombe, inaua macho!" Wakamcheka, wakampiga na kitako cha bunduki kwa kuwanyima starehe. Siku ya pili mmoja wao aliamka haoni, na mwingine hakuamka. Kamanda wao, mtu wa mbali aliyesema Kilingala tu, akauliza nani mwenye chupa. Wakamjibu, mwalimu wa chimie, ndiyo kemia. Na chimie kwa watu wengi ni sumu, ndivyo wanavyolisikia neno lenyewe. Wakamkamata kwa kosa la kuwatilia sumu askari.

Tulikwenda kumwombea, walimu, wazazi, na padri mmoja. Kamanda hakutaka maelezo, alitaka fidia, na fidia aliyoitaja ilikuwa mbuzi. Binamu alishuka kutoka Masereka na zizi lote lililokuwepo wakati ule, na kwa mara ya kwanza lilikuwa karibu kutimia. Prof alipotoka ndani, uso umevimba, aliwaona wamefungwa nyuma ya nyumba ya kamanda. Aliniambia baadaye kwamba maumivu ya kipigo yaliisha, lakini sauti ya mbuzi wale wakilia hakuwahi kuisahau.

Mdogo wake hakungoja Pasaka nyingine. Alimchukua yule binti bila mbuzi, wakaishi pamoja Masereka kwa aibu, wakazaa mtoto wa kike. Wazazi wa binti walikaa kimya kwa muda, kisha mapigano yalipowahamisha kwenda Beni walimchukua binti yao na mjukuu. Walikuwa na haki. Bila mbuzi, mtoto ni wa kwao. Mdogo akaja kumuaga Prof, akamwambia anakwenda kaskazini kuchimba dhahabu, atajitafutia mbuzi mwenyewe. Prof alimpa sabuni zote alizokuwa nazo akauze njiani. Hakuwa na kingine.

Muda mfupi baadaye Prof akaacha shule. Mnunuzi mmoja wa dhahabu alikuwa akimbembeleza siku nyingi aje ampimie, na sasa akakubali. Ukipita mbele ya duka lile ulimwona nyuma ya meza na koti lake lile lile, anasugua kipande kwenye jiwe jeusi, anadondosha asidi, anangoja aone kama rangi itabaki. Alilipwa kwa dola. Kemia ilianza kumlipa siku alipoacha kuifundisha. Mji ukasema mengi, kwamba Prof ameonja pesa, kwamba mbona alitukataza kupenda pesa. Nami nilisema.

Siku moja niliingia pale kumsalimu, nikasikia anavyozungumza na wachimbaji. Prof alimuuliza kila mmoja, kabla hajagusa dhahabu yake, "Unatoka chimbo gani? Haukuona mutu wa Masereka, mikono kubwa, anaongea polepole?" Aliuliza kila mtu. Ndiyo sababu alikuwa pale. Wenye dhahabu wote wa kaskazini walipitia meza ile, na yeye alikuwa akimtafuta mdogo wake katika vinywa vyao.

Ikafika siku mchimbaji mmoja akajibu kwamba alimwona. Watu wenye silaha waligombania chimbo, na waliokuwa chini shimoni hawakutoka. Prof alimshukuru. Akapima dhahabu ya mtu yule, akamlipa haki yake, akafunga mlango wa duka.

Nilidhani ataacha ile kazi. Hakuacha. Aliendelea mwaka mwingine, na sikuelewa kwa nini mpaka tulipokutana Beni.

Vita ilikuwa imepoa kidogo, malori yakipita mchana bila kuomba ruhusa kwa kila mwenye bunduki. Nilikuwa sokoni na magunia yangu. Nikaona mtu mrefu anakuja na mbuzi kwenye kamba, wengi, wakubwa kwa wadogo. Alikuwa amezeeka kupita umri wake.

"Kavira," akaniita kama anasoma majina darasani. "Niko na kazi na wewe. Mutu hawezi kupeleka mbuzi ku bakwe peke yake, na kwetu hakubaki mutu. Njoo unisindikize."

"Prof, mi ni mwanamuke. Na mwenye kuoa iko wapi?"

"Mwenye kuoa unamujua. Nataka mutoto wake apate jina ya kwetu."

Nikamwachia jirani magunia, nikashika kamba ya mbuzi wadogo. Nyumba ya wakwe ilikuwa ya mbao, nje kidogo ya mji. Mzee wa pale alitupokea kwa heshima, akatupa viti, akasikiliza mpaka mwisho. Prof alisema maneno yote ya desturi, akakosea mahali pawili, akarudia. Alisema mbuzi wamechelewa, na kwamba kosa ni lake, si la marehemu.

"Wasingya," mzee akasema. Asante. Kisha akatazama chini. "Lakini siwezi kubipokea. Binti yangu aliolewa. Mutu wa forodha, wa Kasai, muzuri, anakamata mushahara yake. Alitoa mali yote. Alikamata na mutoto, alimupa jina yake. Bako Kisangani. Binti moja hapana kutolewa mbuzi mara mbili, Prof. Itakuwa haya kwangu na kwako."

"Mutoto tu," Prof akasema. "Mbuzi ya mutoto tu."

"Mutoto iko na baba."

Prof alisimama. Alimshika mzee mkono kwa mikono miwili, akafungua kamba, tukarudi na mbuzi wote tuliokuja nao. Njiani nililia, sikujificha. Yeye hakulia, ila kila baada ya hatua kadhaa alisimama na kuwatazama wale wanyama kama vile amepewa kitu ambacho hajui jina lake.

Tulipofika karibu na soko la mifugo akaniuliza, "Ile shamba ya Musienene, mama aliuza?"

"Hapana, Prof. Bado tunalima."

"Na chimie, bado unapenda?"

Nikamwambia kweli. Kwamba juu ya lori, kutoka Butembo mpaka Beni, bado nasawazisha équation kichwani ili nisiogope barabara.

"Hizi nauza leo," akasema. "Inatosha miaka mbili ya Kisangani, ukikula kidogo. Kamata, uende kusoma. Hapana kunirudishia kitu, ata mbuzi moja."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo miaka. Nilijiona kabisa, nimevaa koti jeupe la maabara, mbele ya meza yenye chupa zilizojaa. Nikawatazama mbuzi, nikamtazama yeye, na nikajua kwamba nikinyamaza kidogo zaidi nitasema ndiyo.

"Hapana, Prof."

"Juu ya nini?"

"Miaka mbili unalipa. Tatu inabaki, mama atauza shamba. Wadogo yangu batakula nini? Na mi nikirudi, banipe prime ya maharagwe. Maharagwe niko nayo leo, bila lisansi."

Aliinamisha kichwa upande, akapitia jibu langu lote polepole, kushoto na kulia, kama alivyokuwa akifanya mbele ya ubao. Kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Umepiga hesabu muzuri," akasema. "Sioni kosa."

Sijamwona mwalimu mwingine akihuzunika vile kwa jibu sahihi.